Mota Inayotembea kwa Kutetema: Uchambuzi wa Lenzi ya Canon 18-135mm Nano USM

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Lenzi niliyoishika ni Canon EF-S 18-135mm, iliyotoka mwaka 2016 pamoja na kamera ya EOS 80D, na habari za uzito wake na mwanga inaoupitisha sitazirudia, kwa kuwa wengi wenu mnazijua. Kilichonikalisha hapa leo ni mota iliyomo ndani yake ya kusogeza vioo vya fokasi, Nano USM (USM ni kifupi cha mota ya mawimbi ya sauti yasiyosikika), kidude chembamba ambacho kimenifurahisha kuliko kamera yoyote niliyonunua.

Mota hii haina sumaku, haina waya uliozungushwa, haina gia. Ina kipande cha kauri kilichobandikwa kwenye bamba dogo la chuma, na kauri hiyo hutanuka na kusinyaa kila inapopelekewa umeme. Jacques na Pierre Curie waligundua mwaka 1880 kwamba fuwele za namna fulani, kwatzi ikiwa mojawapo, zikikandamizwa hutoa umeme; mwaka uliofuata wakathibitisha kwamba jambo hilo lina upande wa pili, yaani fuwele ikipewa umeme hubadilika umbo, na upande huo ndio unaofanya kazi humu. Bamba hutetema zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, na vijiguu vyake viwili huchora miduara bapa isiyoonekana kwa macho, kila duara likisogeza kwa umbali mdogo mno kitelezi kinachovuta vioo vya fokasi. Mtazameni jongoo anapopita ukutani: miguu inacheza mahali pamoja, lakini mwili unateleza mbele bila kushtuka.

Sasa sikilizeni, tafadhali vaeni spika za masikioni. Nimezima kituliza mtikisiko, maana nacho kina mvumo wake, kisha nimeegemeza maikrofoni kwenye ubavu wa lenzi. Nahamisha fokasi kutoka kikombe hiki cha kahawa hadi pazia lililoko nyuma yangu, narudi kwenye kikombe, naenda tena kwenye pazia. Mnachosikia ni feni ya chumbani. Utetemo upo, ila umepita kiwango cha juu kabisa ambacho sikio la binadamu linaweza kukisikia. Lenzi yangu ya zamani, ya kampuni nyingine ambayo sitaitaja, iliwahi kuniharibia sauti ya nikahi nzima, kwa sababu kila shekhe alipotua kidogo, gia zilikwaruza, na familia ile nililazimika kuiomba radhi.

Tazameni pia namna fokasi inavyofika kwenye ukingo wa kikombe: inasimama papo hapo, haipiti ikarudi. Vijiguu vimekandamizwa kwenye kitelezi, kwa hiyo utetemo ukikoma, msuguano wenyewe unakishikilia bila kula betri.

Wapo watakaoniuliza kuhusu ndugu yake wa STM, yaani 18-135mm yenye mota inayokwenda hatua kwa hatua, toleo la mwaka 2012. Nililitumia muda mrefu, nalo ni tulivu vya kutosha kwa mahojiano, na kwa kweli nilianza majaribio haya nikiamini kwamba tofauti ya bei haina maana. Canon wanasema Nano USM inafokasi hadi mara 4.3 haraka zaidi kwenye urefu wa 135mm. Siku mbili za kuwafuatilia watoto wanaocheza mpira zilinibadilisha mawazo. Hata hivyo, kama unapiga picha za bidhaa mezani, baki na STM, na fedha itakayosalia nunua taa.

Kinachoniudhi ni pete ya fokasi. Haijaunganishwa na vioo. Inapeleka ujumbe tu kwa mota, hivyo kamera ikilala unazungusha pete na hakuna kinachosogea. Nimeshapoteza tukio zuri kwa ajili hiyo, na natamani sana kasoro hii irekebishwe.

Kwa wenye kamera za Canon zinazofungwa lenzi za aina ya RF, mota ya aina hii imo pia ndani ya RF 24-105mm f/4L, ingawa bei yake ni ya kujipanga. Wanaotafuta 18-135mm iliyotumika, jaribuni fokasi mbele ya muuzaji, karibu na mbali, kwenye urefu wote wa zumu. Wiki ijayo nitaifunga adapta ya PZ-E1 chini ya lenzi hii, ile inayotumia betri nne ndogo za AAA kuendesha zumu; jiungeni na chaneli, kwa sababu maikrofoni itabaki papo hapo ubavuni.