Siku Tatu Ramanasramam: Ukumbi Usio na Mwalimu

Nilifika Tiruvannamalai, mji wa India ulio karibu kilomita 200 kusini-magharibi mwa Chennai, nikiwa nimechoshwa na kozi moja ya mtandaoni ya Advaita, falsafa ya Kihindu ya kutokuwa na uwili. Kila baada ya wiki chache walinidai tena ili nipande "ngazi" nyingine. Iliniuma, kwa sababu fundisho lenyewe ni kwamba Atman, nafsi ya ndani kabisa, na Brahman, uhalisia mmoja wa vyote, si viwili, sasa hivi, kabla hujapanda popote.

Ramanasramam, ashramu (makao ya kiroho) ya mwalimu Ramana Maharshi, hawakunidai kitu. Unawaandikia mapema, nafasi ikiwepo wanakupa siku chache, na unachotoa ni hiari yako. Chumba kilikuwa safi, kitanda na feni, basi. Chakula mnakula mmekaa sakafuni kwenye sahani za majani, wahudumu wanapita na ndoo za wali na sambar, mchuzi wa dengu. Ukichelewa kufunika sahani kwa mkono, umeongezwa.

Lakini nilichokifuata ni Ukumbi wa Kale. Ramana, aliyefika kwenye mlima mtakatifu wa Arunachala mwaka 1896 akiwa na miaka 16 na hakuondoka tena mpaka alipofariki mwaka 1950, aliishi ukumbini humo miaka zaidi ya 20, mchana akipokea watu, usiku akilala palepale kwenye kochi lake. Kochi bado lipo, na picha yake juu yake. Hakuna anayefundisha. Unavua viatu, unatafuta nafasi sakafuni, unanyamaza na wenzako.

Njia yake naifahamu: wazo likija, uliza limemjia nani. Limenijia mimi. Na huyu mimi ni nani? Nyumbani swali hilo lilikuwa limegeuka wimbo wa mdomoni. Siku ya pili, alfajiri, tausi alipiga kelele nje ya dirisha, na kabla sijasema moyoni "nimesikia tausi", palikuwa na kusikia tu. Hapakuwa na wa kusikia. Kisha "mimi" akarudi mbio kudai kwamba lile lilikuwa lake, nikamwona anavyokuja. Sijawahi kuliona jambo hilo waziwazi hivyo, na nililia kimyakimya pale nilipokaa.

Anayetaka mihadhara atasikitika, maana kuna visomo vya Veda (maandiko matakatifu ya Kihindu), ibada za puja na duka zuri la vitabu, ila wa kukushika mkono hayupo. Wakati wa Karthigai Deepam, sikukuu ya taa ya Novemba au Desemba, mji unafurika watu. Anayetafuta utulivu achague mwezi mwingine.

Nyuma ya ashramu kuna njia ya mawe ya kupandia Skandashram, makao ya zamani ya Ramana mlimani. Ipande. Kuzunguka mlima wote ni kilomita 14, na desturi ni kwenda pekupeku. Mimi nilianza saa kumi na mbili asubuhi nikadhani nimewahi. Kufikia saa tatu lami ilikuwa inaunguza, nikawa natembea ukingoni kwenye mchanga. Anza saa kumi alfajiri.