Uzoefu wangu na deki ya kindi wa Bloomburrow

Seti ya Bloomburrow ya mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering ilitoka tarehe 2 Agosti 2024, na katika dunia yake hakuna binadamu hata mmoja. Kuna panya, sungura, popo, vyura, fisi maji, mijusi na ndege, na kila jamii imepewa rangi zake mbili. Kindi wamepewa nyeusi na kijani, kaburi na msitu. Pamoja na seti hiyo zilitoka deki (mafungu ya kadi 100) nne zilizo tayari kuchezwa za Commander, mtindo ambao deki inaongozwa na kadi moja iitwayo kamanda, na ya kindi inaitwa Squirreled Away, kamanda wake akiwa Hazel of the Rootbloom. Ninayoizungumzia hapa ni deki hiyo baada ya kutoa kadi kadhaa na kuingiza nyingine, kwa hiyo usishangae ukikuta kadi ninayoitaja haimo kwenye boksi lako.

Nitangulize hukumu yangu: wengi wanaicheza vibaya kwa sababu wanawaona kindi kama jeshi. Wanawarundika, wanasubiri wawe wengi, kisha mtu mmoja anafagia meza (anaondoa viumbe vyote kwa kadi moja) na mchezo umeisha. Kindi wa Hazel ni wa kutumia, kila zamu, kama fedha iliyomo mfukoni.

Tuanze na Hazel mwenyewe. Unamlaza yeye (unaigeuza kadi upande kuonyesha imetumika), unalipa pointi 2 za uhai, unalaza tokeni zako zozote zilizosimama (tokeni ni viumbe au vitu vinavyozalishwa na kadi nyingine), na kila tokeni iliyolazwa inakupa mana moja, yaani nguvu ya kulipia kadi. Halafu mwanzoni mwa hatua ya mwisho ya zamu yako unachagua tokeni yako moja na kupata nakala yake. Ikiwa tokeni hiyo ni kindi, unapata nakala mbili.

Uwezo wa mana ndio unaosahaulika, na ndio bora zaidi. Kwa kawaida kiumbe kilichoingia zamu hii hakiwezi kushambulia wala kutumia uwezo unaodai kilazwe chenyewe. Hapa anayetumia uwezo ni Hazel, tokeni zinalazwa kama malipo tu, kwa hiyo kindi aliyezaliwa sasa hivi analipa mana sasa hivi. Hazel ndiye anayepaswa kuwa amekaa mezani tangu zamu iliyopita. Mpangilio mzuri wa zamu unatokana na hilo: kindi wa zamani washambulie, kindi wapya walipie kadi. Ukiwalaza wa zamani kwa ajili ya mana kisha ukabaki na wapya wasioweza kushambulia, umejifunga mikono mwenyewe. Malipo ya uhai ni yale yale 2 ukilaza tokeni mbili au kumi na mbili, hivyo mlaze Hazel pale ambapo tokeni ni nyingi na kuna kadi ya kulipia. Mana isiyotumika inapotea hatua inapoisha. Na kwa kuwa huu ni uwezo wa mana, hauingii kwenye foleni ya kujibiwa. Mpinzani hawezi kumuua Hazel katikati ya malipo yako.

Tokeni si lazima ziwe kindi. Treasure ni tokeni ambayo kwa kawaida hutolewa kafara ili kupata mana moja, basi imekwisha. Mbele ya Hazel unailaza tu, inakupa mana, na zamu ijayo inasimama tena. Tokeni za Food na Clue nazo vivyo hivyo. Ndiyo maana Tireless Provisioner ana nafasi ya kudumu kwangu: kila ardhi inayoingia inaleta Food au Treasure, na kila moja inageuka kuwa chanzo cha mana kisichoisha mradi Hazel yupo.

Sasa nakala za mwisho wa zamu. Kindi wawili kila zamu ni ongezeko la polepole kuliko linavyosikika: ukiwa na sita, zamu ijayo ni wanane, kisha kumi. Anayebadilisha hesabu ni Chatterfang, Squirrel General, kadi ya Modern Horizons 2 ya mwaka 2021. Kila tokeni zinapotengenezwa upande wako, yeye anaongeza kindi idadi hiyo hiyo. Nakala mbili za Hazel zinakuwa kindi wanne. Treasure moja inakuja na kindi mmoja. Ukiongeza Parallel Lives, inayozidisha tokeni mara mbili, nne zinakuwa nane, na mpangilio wowote utakaouchagua kati ya kadi hizo mbili unatoa jibu lile lile.

Kuchagua kindi kila mara ni kosa. Mchukue Deep Forest Hermit: akiingia analeta kindi wanne, na kindi wako wote wanapata +1/+1 (nguvu moja na uimara mmoja zaidi). Ukiwa na mana tatu, mpige Saw in Half. Anakufa, na unapata nakala zake mbili zenye nusu ya nguvu na uimara wake, sehemu ikipandishwa juu. Yeye ni 1/1, kwa hiyo nakala nazo ni 1/1 na hujapoteza kitu. Kila nakala inaleta kindi wanne wake. Chatterfang akiwapo, nakala mbili zinaongeza kindi wawili, na kila nne zinakuwa nane: jumla kindi 18 kwa kadi moja. Na kwa kuwa hermit sasa ni tokeni, mwisho wa zamu Hazel anaweza kumnakili. Hermit si kindi bali ni wa jamii ya Elf, kwa hiyo nakala ni moja tu, lakini hiyo moja inaleta kindi tisa na +1/+1 nyingine, dhidi ya wanne ambao ungewapata kwa kunakili kindi wa kawaida.

Tahadhari hapo ni muda wa kuishi wa hermit. Anaingia na alama tatu, moja inaondolewa mwanzoni mwa kila zamu yako, na ya mwisho ikitoka anaondoka naye. Ukihesabu vizuri, kindi aliokuja nao wanapata mashambulizi mawili tu yenye ile nyongeza. Nakala iliyotengenezwa mwisho wa zamu nayo hesabu yake ni hiyo hiyo. Usimwite mapema kwa kuwa tu mana ipo. Mwite zamu moja kabla ya ile unayotaka kushambulia. Ukimtamani Deranged Hermit wa mwaka 1999, ambaye haishiwi na muda bali anadai ulipe gharama yake tena zamu inayofuata, ujue yumo kwenye orodha ya kadi zisizochapishwa tena, na kumpata si rahisi.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: nakala inaingia ikiwa imesimama hata kama uliyemnakili amelala. Shambulia na kindi wote, kisha mwisho wa zamu unapata wawili au wanne wa kukinga zamu za wengine. Ila alama za +1/+1 hazinakiliwi, wala vifaa alivyovishwa. Na mpinzani akimuua kindi uliyemlenga kabla uwezo haujatekelezwa, hupati kitu kabisa. Ukiona mtu ameacha mana mbili zimesimama na mkononi ana kadi, lenga tokeni ambayo si rahisi kuuawa, kwa mfano Treasure, ukubali kupata kidogo.

Skullclamp inastahili aya yake. Gharama yake ni mana moja, kuivisha ni mana moja, aliyeivaa anapata +1/-1, na akifa unavuta kadi mbili. Ivishe kindi wa 1/1, anakufa papo hapo, kadi mbili mkononi. Mana moja kwa kadi mbili, tena na tena. Sijui njia bora zaidi ya kuvuta kadi katika deki hii. Kisha unamleta Squirrel Sovereign, anayewapa kindi wengine +1/+1, na mashine inasimama: kindi anakuwa 3/1 na hafi. Hili linawakuta hata wanaoijua kadi vizuri. Dawa ni mfuatano: vuta kadi zako kwanza, mlete Sovereign au hermit baadaye, au uwe na mahali pa kutoa kafara bure, kama Viscera Seer, anayekubali kiumbe chochote bila malipo na kukuonyesha kadi ya juu ya rundo lako. Ravenous Squirrel anapendeza kwa kuwa anakua kila unapotoa kafara, lakini uwezo wake wa kuvuta kadi unagharimu mana tatu kila mara. Ni kadi ya katikati ya mchezo, usimtegemee peke yake.

Kufagiwa kwa meza ndiko kunakoiumiza deki hii, na aina ya ufagio ni muhimu. Ukiwa na Zulaport Cutthroat, kila kiumbe chako kinachokufa kinamnyang'anya kila mpinzani pointi 1 na kukupa wewe 1. Mtu akiangusha Toxic Deluge ukiwa na kindi 20, wote wanakufa pamoja na Cutthroat mwenyewe, na kila mpinzani anapoteza 21. Hapo huhitaji kujibu chochote. Farewell ni habari nyingine: inaondoa viumbe nje ya mchezo, havifi, na Cutthroat haoni kitu. Cyclonic Rift nayo inarudisha viumbe mkononi na tokeni zinatoweka. Kwa hizo mbili lazima uwe na Viscera Seer mezani ili uwatoe kafara wote kabla kadi haijatekelezwa. Heroic Intervention inakulinda dhidi ya kadi zinazosema "angamiza", lakini dhidi ya Toxic Deluge na Farewell haifui dafu, kwani moja inapunguza uimara na nyingine inaondoa nje ya mchezo bila kuangamiza.

Kuna adui wadogo pia. Maelstrom Pulse ikimlenga kindi mmoja inaua wote wenye jina hilo. Virulent Plague inazipa tokeni za viumbe -2/-2, hivyo kindi wanakufa wakiingia. Na Rakdos Charm ina chaguo ambalo kila kiumbe kinampiga mwenye nacho pointi 1. Ukiwa na kindi 40 na uhai 35, umekwisha kwa mana mbili. Mezani kukiwa na mtu wa nyeusi na nyekundu, usipandishe idadi ya kindi kupita uhai wako bila sababu.

Ipo pia njia ya kumaliza mchezo ghafla, Chatterfang pamoja na Pitiless Plunderer. Lipa mana nyeusi moja, toa kafara kindi mmoja. Plunderer anakupa Treasure, Chatterfang anaongeza kindi. Itoe Treasure upate mana nyeusi, rudia. Cutthroat akiwapo, kila mzunguko unakata pointi 1 kwa kila mpinzani bila kikomo. Wengi wanakwama pale wapinzani wanapoishiwa viumbe, kwa sababu uwezo wa Chatterfang unahitaji kiumbe cha kulenga na hawataki kuua wa kwao. Lengo huchaguliwa kabla ya malipo. Mlenge kindi yule yule utakayemtoa kafara. Uwezo unakosa lengo na kufifia, lakini malipo yamefanyika na kifo kimehesabiwa. Mimi huwaambia wenzangu kabla ya kuanza kama Plunderer yumo, maana meza nyingi hazipendi kushtukizwa na kitu cha aina hii.

Mgawanyo wa kadi 99 uliotulia kwangu ni huu: ardhi 37, za kuongeza mana 9, za kuzalisha kindi 16, za kuvuta kadi 10, mahali pa kutoa kafara 5, za kunyang'anya uhai 5, za kuondoa vitisho 9, za kukuza kindi au kumaliza mchezo 5, za kujilinda 3. Nilipokuwa na za kukuza kindi tisa, mkono wangu ulijaa kadi zisizofanya kitu meza ikiwa tupu. Kati ya ardhi, Swarmyard isikosekane: ikilazwa inamponya kindi anayetaka kuangamizwa, na haichukui nafasi ya kadi nyingine. Second Harvest ni mana nne na inanakili kila tokeni uliyonayo. Chatterfang akiwapo, kindi kumi wanakuwa thelathini. Ipige mwisho wa zamu ya mpinzani aliye kabla yako, ili zamu yako ikifika wote waweze kushambulia.

Mkono wa kwanza wenye ardhi tatu, chanzo kimoja cha mana na kadi moja ya kuzalisha kindi, ubaki nao. Wenye Chatterfang na Hazel pekee, bila cha kuzalisha tokeni, urudishe hata kama unavutia macho. Wote wawili wanahitaji tokeni ya kuanzia.

Kuhusu vifaa: boksi lina kadi kumi za tokeni zenye pande mbili, na hazitoshi. Msiweke kindi wote chini ya dadu moja. Mimi hutumia kadi tatu za tokeni na dadu tatu za rangi tofauti: moja imesimama kwa kindi wa zamani, moja imelala kwa waliokwisha kutumika, na moja kando kwa wapya wa zamu hii. Zamu mpya ikianza, zote tatu zinaunganishwa kwenye ile ya kwanza. Bila hivyo, ubishi wa "huyu ameingia lini?" utakula muda kuliko mchezo wenyewe, na deki hii tayari ina zamu ndefu. Fanya hesabu zako wakati wengine wanacheza: ni tokeni ngapi zimesimama, mana itatoka ngapi, nani atanakiliwa. Zamu ikikufikia, mikono iwe inafuata uamuzi uliokwisha kufanywa.