Kisu cha mfukoni au koleo la kazi nyingi? Mimi naanza na tumbo

Doa lilikuwa dogo, la kahawia, refu kama punje ya mchele. Lakini lilikuwa katikati ya sateni nyeupe ya bibi harusi, na harusi ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimetoa koleo langu jipya la kukunja, lile lenye kisu, bisibisi, msumeno na sijui nini tena, ili nifumue mshono wa pembeni. Bapa lilipotoka kwenye mpini lilitoka na uchafu wake: kitu chenye mafuta, chenye kutu, chenye harufu ambayo sikuitambua mara moja. Shangazi wa bibi harusi alikuwa amekaa karibu na mlango. Alitazama kitambaa, akanitazama mimi, hakusema neno. Afadhali angesema.

Harufu ile ilikuwa avoka. Wiki mbili kabla, ndani ya basi la Likasi, nilikata avoka kwa koleo hilohilo, nikapangusa bapa kwa karatasi, nikalikunja, nikalirudisha mkobani. Bapa lilikuwa safi. Kilichonusurika na karatasi kilibaki nyuma, ndani ya mpini, kikaoza taratibu pamoja na vumbi letu jekundu la kiangazi. Mita mbili za sateni nililipa kutoka mfukoni mwangu, na lile koleo lenyewe lilikuwa limeshanila dola 35.

Tangu nilipoonyesha vifaa ninavyobeba mkobani, wengi mmekuwa mkiniuliza: mtu anayetaka kitu kimoja cha kutembea nacho kila siku achukue kisu cha kukunja, au achukue koleo la kazi nyingi, lile tunaloliita pensi ya kukunja? Mnauliza chuma gani, bapa refu kiasi gani, vifaa vingapi. Hayo sitayagusa. Kila muuzaji atakueleza, na nusu atakuwa anabuni. Mimi nina swali moja tu sasa, na nitaliuliza mpaka mchoke: tumbo lake linaoshwaje?

Tumbo ni ule mwanya ambamo bapa hulala likikunjwa. Watu hununua kisu kikiwa wazi, wanasifu makali, wanapitisha kidole, wanalipa. Hakuna anayechungulia ndani. Lakini kisu cha mfukoni hukaa kimekunjwa karibu siku nzima, na makali yako yanalala humo, juu ya chochote kilichoingia: nyuzi, makombo, maji ya embe, magamba ya samaki. Samaki wa chumvi ndiye mbaya kuliko wote. Kata makayabu mara moja, kunja kisu bila kuosha, halafu ukitazame baada ya siku tatu. Usidanganywe na neno inoksi, kile chuma wanachosema hakishiki kutu. Chuma kile kina kromiamu inayokawiza kutu, lakini chumvi ikikaa mahali pasipopata hewa itakila tu. Halafu mvua za Novemba zinaanza, na mkoba wenyewe haukauki hadi Machi.

Kwa hiyo dukani fanyeni hivi. Fungua kila kitu kinachofunguka, kigeuze kwenye mwanga, utafute sakafu ya tumbo. Kama huioni, hutaifikia. Kisha chukua utepe mwembamba wa kitambaa (mimi natembea na vipande vya pindo, fundi hakosi) upitishe ndani kama unavyosafisha meno kwa uzi. Ukikwama, jua na chakula kitakwama. Mwisho tazama kuta: ni chuma laini, plastiki, au mti? Muuzaji akikukataza kufungua, mrudishie na umtakie siku njema.

Kwa kipimo hicho koleo la kazi nyingi linaanza likiwa na deni. Lina matumbo mengi, na katikati limeficha koleo lenye meno. Si kosa lake, ndivyo lilivyozaliwa. Tim Leatherman, Mmarekani wa Oregon, alizunguka Ulaya na Mashariki ya Kati mwaka 1975 na mke wake katika kigari cha Fiat 600 kilichochakaa, akiwa na kisu tu mfukoni huku akitamani koleo kila siku. Alipofika kwao akaanza kutengeneza, na kifaa chake cha kwanza kilianza kuuzwa mwaka 1983. Kwa hiyo baba wa koleo hili ni gari bovu. Avoka hakuiwazia.

Kisu cha Waswisi kilizaliwa kwingine. Jeshi lao, miaka ya 1890, lilitaka askari awe na kitu kimoja cha kufungulia mkebe wa chakula na kufungulia bunduki yake. Karl Elsener, ambaye karakana yake aliianzisha huko Ibach mwaka 1884, ndiye aliyekuja kuishika kazi hiyo, na mwaka 1897 akaandikisha kile kisu cha afisa ambacho dunia nzima inakijua. Tangu mwanzo chakula kilikuwa ndani ya hesabu. Mnaona ninakoelekea, sifichi: mimi ni mtu wa Victorinox, ndiyo kampuni ya Elsener huyo. Aliyetaka mwamuzi asiye na upande amekosea mlango.

Ya kwanza basi ni Victorinox, lakini si ile nyekundu. Ile nyekundu ya plastiki ina kijiti cha meno na kikoleo cha nywele vilivyochomekwa ubavuni, na vitundu vyao ni matumbo mengine madogo ambayo hakuna utepe utakaoingia. (Kijiti chenyewe hupotea mwezi wa kwanza, tundu linabaki kuomba uchafu.) Tafuteni yenye mpini wa alumini wenye vipele vidogo, wanayoiita Alox. Pioneer ina urefu wa milimita 93 ikikunjwa na ina bapa moja kubwa, kifungua mkebe, kifungua chupa na sindano nene ya kutobolea ngozi. Vifungua vyote viwili vina ncha ya bisibisi. Cadet ni milimita 84, nyembamba, na badala ya sindano ina tupa ya kucha. Mimi nina Pioneer, kwa sababu sindano ile hutoboa mkanda, na bisibisi pana inafungua skrubu nyingi za cherehani yangu.

Matumbo yake ni mawili, kuta zake ni chuma kitupu, sakafu unaiona. Unaitumbukiza kwenye maji ya moto na sabuni, unafungua na kukunja bapa humohumo majini, unakausha juani, umemaliza. Ubaya wake ni kwamba bapa halina kufuli. Linashikwa na springi tu, na ukisukuma ncha kwenye kitu kigumu linaweza kukufungia vidole. Na linafunguliwa kwa ukucha. Mikono ikiwa na mafuta ya mawese utahangaika. Nimehangaika. Bado ni ya kwanza.

Ya pili ni kwa wale ambao bila koleo hawaishi, na hao najua mpo, mafundi wa pikipiki na wa sola. Leatherman Skeletool ni kama mifupa, kama jina lake linavyosema: mpini wake umetobolewatobolewa, una vifaa 7 tu na uzito wa gramu 142. Bapa linafunguka kwa nje, koleo likiwa bado limekunjwa. Maji yanaingia huku yanatokea kule. Kama lingekuwa na bei ya kibinadamu, labda ningeliweka la kwanza. Labda.

Ndugu yake Wave+ ndiyo wanaume wote wanaitaka, vifaa 18, gramu 241 zinazovuta mkanda wa suruali chini. Mdogo wangu anafunga betri za sola, anayo, na anaiheshimu kuliko simu yake. Siku moja nilimkuta anamenya embe kwa kisu kidogo cha jikoni huku Wave iko kiunoni. Nikamuuliza mbona. Akasema, "Yaya, hii imeshika vichwa vya betri asubuhi nzima, naweza kuitia mdomoni?" Basi huyo amejibu swali letu kuliko mimi. Anayenunua koleo la kazi nyingi atahitaji na kisu cha chakula pembeni, kwa hiyo ahesabu bei mbili. Kuhusu garanti ya miaka 25, ni ya kweli na ni nzuri. Jaribuni tu kutuma kifurushi kutoka Lubumbashi hadi Oregon muone mtalipa nini.

Opinel namba 8 inanipa uchungu kuiweka chini. Ni ya Wafaransa wa milima ya Savoie, tangu 1890, na ina pete ya chuma shingoni inayozungushwa ili bapa lisijikunje, jambo ambalo Victorinox yangu haina. Bapa la sentimita 8.5 ni jembamba na tamu. Nyanya inakatika kabla haijajua. Kwao haifiki hata euro 20. Lakini tumbo lake limechongwa ndani ya mti, na mti hunywa maji. Ukiiosha vizuri mpini unavimba na bapa linagoma kutoka, mpaka ugongeshe kitako cha mpini mezani, desturi ambayo Wasavoie wenyewe wanaijua na kuionea fahari. Usipoiosha, mnajua. Kwa mtu anayekata mkate na jibini kwenye baridi ya mlimani, sawa. Msimu wa mvua wa huku, na uyoga wenye udongo wa kichuguu, hapana. Atakayeichukua achague ya inoksi. Ile nyingine, ya chuma cha kaboni, inageuka nyeusi kwa limau moja.

Okapi naitaja kwa sababu ya jina. Mnyama ni wetu, porini hapatikani nje ya Kongo, lakini kisu kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe makoloni, na sasa kinatoka Afrika Kusini. Mpini wa mti, chuma kinachoshika kutu, pete ya kuvuta nyuma, kelele ya kra-kra kikifunguka. Huko kusini kimejipatia sifa ya kuwa kisu cha majambazi. Sitaki kukifafanua usiku mbele ya polisi kwenye kizuizi.

Vya kukunja vya chini ya dola 10, achaneni navyo: nunua wembe, au kisu cha jikoni na ala yake.

Sasa bei. Kuna jambo halijanitoka moyoni. Mji huu wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya madini, shaba yetu inapita mpakani Kasumbalesa lori baada ya lori, na sisi kisu kimoja cha kutembea nacho tunakiomba kwa watu wanaokitaja bei wakiangalia viatu vyako. Nimeulizia Pioneer mahali patatu katika siku moja. Wa kwanza alisema 60. Wa pili alisema 90, akaona nimevaa miwani ya jua akasema hiyo ni bei ya chini. Wa tatu alikuwa na nakala. Na wote watatu hawataki dola yenye mpasuko hata wa upana wa uzi, wakati wao wanakurudishia chenji ya franki zilizoshonwa kwa selotepu, kwa kiwango walichokiota usiku. Niliyonayo aliniletea binamu aliyesafiri, ndani ya sanduku la chini, maana kwenye mkoba wa mkononi uwanja wa ndege wangeichukua.

Nakala zinatambulika. Soma shina la bapa, pale karibu na mpini: Victorinox halisi imeandikwa jina hilo na Uswisi yake, si neno China limejificha upande wa pili. Leatherman huandikwa Portland, Oregon. Opinel ina mkono wenye taji kwenye bapa, na mkono huo una vidole vitatu. Msihesabu kwa haraka.

Mafuta ya kiungo, pale bapa linapojikunjia, pia mmeuliza. Ya cherehani ninayo lita nzima, lakini siyatii kwenye kisu cha chakula. Mafuta ya kula nayo yanaganda na kuwa gundi. Nendeni famasi mkaombe mafuta ya parafini yale ya kunywa, ya watu wenye tumbo gumu (si parafini ya taa, tafadhali), tone moja kwenye kiungo baada ya kuosha. Tumbo kwa tumbo.

Baada ya harusi nilirudi kwa yule aliyeniuzia. Alikuwa palepale, nyuma ya kimeza chake cha vioo, katikati ya chaja na saa. Aliponiuzia alikuwa ameniapia: "Mama, hii iko orijinali ya Bulaya, haiwezi kuaribika." Nikamfungulia tumbo lile aone kutu na kile kijani kilichokauka. Alinusa, akarudi nyuma.

"Mama, ulikatia avoka? Hii haiko ya chakula."

"Iko ya nini basi, Papa?"

Alifikiri kweli, sikatai. "Iko ya kuvaa ku mukaba." Yaani kwenye mkanda.

Akanipa dola 8, nikazichukua, kwa sababu sateni nilikuwa nimeshalipa. Wiki iliyofuata nilipita na kuliona kwenye kioo, limepanguswa linang'aa, limekunjwa, dola 40. Lina mkwaruzo kama herufi V karibu na msumeno. Kama umelinunua wewe, lifungue taratibu, na usilifungulie juu ya kitu cheupe.