Kinga ya saji: nzuri, lakini usiifunge bila fyuzi yake

Ndugu watazamaji, karibuni tena hapa Tabora. Mvua zimeanza na simu za wateja ni zilezile: fundi, radi imepiga usiku, friji haiwaki.

Hii mkononi ni kinga ya saji, yaani ya ule mruko wa ghafla wa volti unaoletwa na radi, ile ya kubana kwenye reli ndani ya boksi la breka. Ubavuni imeandikwa 275 V, volti inazovumilia muda wote, na 40 kA, yaani ampia elfu 40 za saji. Ndani kuna varista, kipande kinachofanya kazi kama mlango wa umeme. Volti zetu 230 haziipiti, ila saji ikija inafunguka kufumba na kufumbua, inaumwaga ule umeme kwenye erthi, halafu inajifunga. Skrubu zake zinashika vizuri, na kipande cha ndani unakichomoa bila kugusa waya. Hapo naisifu kwa moyo wote.

Sasa sogea usome maandishi haya madogo: fyuzi inayoitangulia isizidi 125 A gG, yaani fyuzi ya matumizi ya kawaida. Kwa nini? Varista huchoka. Ikichoka polepole inapata joto, kikato cha ndani kinaitoa kwenye laini, na dirisha dogo la alama usoni mwake linageuka jekundu kutoka kijani. Lakini saji kubwa ikiiua kwa mpigo mmoja inakuwa shoti, na shoti hiyo inalishwa na umeme wa laini. Kikato hakiwahi. Inayookoa hapo ni fyuzi.

Niliitwa kwenye mashine ya kusaga huko Isevya. Fyuzi kuu 200 A, kinga imeungwa moja kwa moja. Nilikuta plastiki imeyeyuka, boksi jeusi tii; namshukuru Mungu hakuumia mtu. Nikafunga fyuzi za 125 A kwenye tawi la kinga peke yake, yaani waya zinazokwenda kwenye kinga tu. Shoti ikitokea zinatangulia hizo, unga unaendelea kusagwa. Na msikimbilie ya 16 A mkidhani ndogo ndiyo salama: saji yenyewe inaweza kuikata.

Nyumba yenye fyuzi kuu ya 63 A haidai nyingine kwa kifaa hiki, ila ikikatika mnalala giza.

Kinachonisumbua ni dirisha. Fyuzi ya tawi ikikatika, dirisha linabaki kijani, taa zinawaka, na kinga haipo! Kwa hiyo baada ya kila radi kubwa mwite fundi apime. Kamera hapa: testa juu ya fyuzi, inawaka. Chini yake… inawaka. Hii ni nzima, nafunga boksi.