PGP kwenye kompyuta ya steshenari? Hapana jamani

Natafsiri nyaraka za wanasheria, na mteja wangu mmoja hapokei kitu mpaka kiwe kimesimbwa kwa PGP, yaani kimefungwa asikisome yeyote asiye na ufunguo wake wa siri. Kwenye laptop yangu, kwa programu ya barua pepe yenye PGP ndani yake, mambo yalikuwa mserereko. Naandika, nabonyeza kitufe cha kusimba, imeenda. Neno la siri la ufunguo niliandika siku ya kwanza tu, programu haikuniuliza tena. Nikaisifia mpaka kwa washkaji.

Majuzi hapa chaja ikafa, kazi inatakiwa asubuhi. Nikabeba ufunguo wangu wa siri kwenye flash (najua, najua) mpaka steshenari ya mtaani, pale wanapopiga picha za pasipoti na kulamineti vyeti. Nikaweka akaunti yangu kwenye programu ileile ya barua pepe niliyoikuta pale, nikaingiza ufunguo, nikatuma, nikafunga dirisha, nikachomoa flash. Huyoo, nimeondoka.

Kesho yake narudi kuprinti, namkuta dada wa kaunta anatafuta CV ya mtu kwenye mashine ileile. Kwenye skrini ni barua ya mteja wangu, majina ya wadaiwa yote, inasomeka kama gazeti. "Kaka, hii ya wakili si yako? Mbona hukufuta?" Nikafoka. Wala hakuinua macho: "Hapa steshenari, siyo benki." Na buku akanichaji kwa dakika nilizokaa kufuta!

Nilitaka kuwashushia nyota moja. Ila hasira ikahamia kwenye programu: inatunza ufunguo pamoja na neno lake la siri, na usipoweka nywila kuu (ile inayofunga siri zote zilizotunzwa humo), yeyote anayeifungua anasoma. Kwenye mashine ambayo watu wanapishana kutwa! Halafu nikakumbuka nani aliyechomeka ile flash.

Kinachoniuma ni kwamba kufuta hakutoshi. Kama mtu alishanakili ule ufunguo, barua zote za nyuma zilizosimbwa kwa huo zinafunguka. Kuubatilisha kunawaambia tu watu wasiutumie tena. Yaliyopita hakuyafungi upya. Nimeubatilisha, nimetengeneza mwingine, nywila kuu nimeweka, na mteja nimemwandikia barua ya aibu.

Kwa laptop yako mwenyewe, nyota nne. Au tatu, mpaka mteja anijibu.

Jana nilipita kuprinti risiti. Yule dada: "Umekuja kufuta tena?"