Tahadhari: Mkopo wa Siku 90 Unaosainiwa kwa Mkataba wa Mauziano ya Nyumba

Ndugu zangu mnaonunua na kuuza nyumba na viwanja Dar es Salaam, naomba msome taarifa hii kabla hamjachukua ule mkopo wa muda mfupi wa kuvukia, anaouchukua mtu ili alipie nyumba mpya huku akisubiri fedha za kiwanja anachouza.

Nilipata pagale zuri Goba, na mwenyewe alitaka fedha zake kabla ya mwisho wa mwezi, ilhali mnunuzi wa kiwanja changu cha Kibaha alikuwa hajakamilisha malipo. Dalali akanipeleka kwa mkopeshaji aliyekubali kunipa shilingi milioni 40 kwa siku 90, dhamana ikiwa hati ya nyumba tunayoishi. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi ilikatwa yote mapema, pamoja na milioni 2 za kushughulikia maombi, hivyo nikapokea milioni 26 nikidaiwa 40. Hapo hapo nilipaswa kuondoka, kwani kikomo kilichowekwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni ni asilimia 3.5 kwa mwezi.

Ubaya mkubwa, hata hivyo, ulikuwa kwenye karatasi. Niliwekewa mezani mkataba uliokwisha kufunuliwa ukurasa wa mwisho, karani ameweka kidole kwenye mstari wa saini, na nafasi ya tarehe ikiwa wazi. Nilisaini bila kurudi kurasa za mbele. Kumbe ulikuwa mkataba wa mauziano, mimi muuzaji na yeye mnunuzi, kwa bei ya milioni 40, na chini yake palikuwa na fomu ya kuhamisha umiliki. Mke wangu aliambiwa asaini kama shahidi, na sasa saini yake inaonyeshwa kuwa ndiyo ridhaa ya mwenza.

Rehani halali husajiliwa kwa Msajili wa Hati, na mkopaji anapochelewa kulipa, Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji ampe notisi ya siku 60 kabla ya kuigusa nyumba. Aliyeandikwa kuwa ameuza hapewi kinga hiyo. Siku ya 91 nililetewa barua ya kunitaka nikabidhi funguo.

Wakili wangu alipofanya upekuzi wa kumbukumbu za nyumba kwa Msajili wa Hati hakukuta rehani yoyote, bali maombi ya uhamisho yaliyokwisha kuwasilishwa. Ameweka zuio, na shauri liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lakini hati yangu bado wanayo wao.

Mkopeshaji akikuwekea mkataba wa mauziano mahali pa mkataba wa mkopo, usisaini, hata akikuambia kuwa ni utaratibu tu wa ofisi. Kama ulikwisha kusaini, nenda na wakili ukafanye upekuzi wiki hii, kabla siku zako 90 hazijaisha. Mimi nilifika nikiwa nimechelewa siku nne.