Faiba ya nyumbani hapa Kansanga, Kampala: spidi ipo, simu ndo balaa

Nina miezi minne na hii intaneti, kampuni siitaji, wanaoitumia mtaijua tu. Naandika kwa ajili ya wale ambao kama mimi wanakula kupitia simu za mtandaoni, mi nafundisha Kiswahili wanafunzi walioko Ujerumani kila jioni, laini ikigoma na ugali umegoma.

Spidi hawakunidanganya. Nililipia mbs 20 (megabiti kwa sekunde), ukipima unapata 19, saa nyingine 21, watoto vidio zao zinafunguka hapo hapo. Shida ni sauti. Ikifika saa mbili usiku mwanafunzi anauliza swali, ananyamaza, naanza kujibu, kumbe yeye alishaanza tena muda tu sauti yake ndo haijafika, tunagongana, "endelea", "hapana, endelea wewe", kimya, halafu tunaanza tena wote pamoja. Siku moja nimempigia shangazi yangu Mombasa nikampa shikamoo, kimya, nikarudia, marahaba ya ile ya kwanza ikaingia juu ya shikamoo ya pili, akaniuliza, wewe mtoto umelewa?

Fundi wao alikuja, mpole sana, saa nne asubuhi watoto wako shule. Akapima na simu yake akanionyesha, ona mwalimu, 20 hizo hapo. Sasa yeye anapima basi lina viti vingapi, mimi nalia kwamba basi limechelewa Busia.

Ikabidi nipime pingi mwenyewe, yaani muda wa kitu kidogo kwenda na kurudi. Nyumba ikiwa imetulia napata milisekunde 160 hadi Frankfurt, na hapo siwalaumu, sisi hatuna bahari, waya lazima ukatize nchi ya jirani, mara nyingi Kenya nzima hadi Mombasa, ndo uingie majini, na hata mwanga ukiwa ndani ya faiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hauongezi mwendo hata ukiupigia kelele. Halafu 160 inatosha kabisa. ITU, lile shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, wanasema sauti ikifika ndani ya milisekunde 150 kwa upande mmoja watu wengi hawaoni tatizo, ila isivuke 400. Mi nina 80 hivi, nusu ya ile 160.

Ila simu ya binti yangu ikianza kupandisha picha za siku nzima, pingi inaruka 1,100! Kumbe zile 20 ni za kushusha tu, kupandisha wametupa 3, na rauta yao haikatai kitu, inapanga kila kitu foleni tu. Sauti inakatwa vipande vidogo vya milisekunde 20 hivi, navyo vinasimama nyuma ya picha za bathidei kama mgonjwa aliye nyuma ya lori la matoke.

Kijana mmoja wa mtaani akanifungia rauta nyingine mbele ya yao, inayojua kugawa foleni, tukaiambia kupandisha isizidi 2.5, chini ya zile 3, ili foleni isijazane kwenye rauta yao. Picha zinapanda polepole, nani anajali, ila pingi hata nyumba ikichemka haivuki 190. Nimetoa laki na themanini mfukoni kwa kitu ambacho fundi wao angeweza angalau kunitajia.

Hata hivyo sirudi kwenye setelaiti. Nilifanya kazi Moroto na ile ya zamani iliyoko kilomita 35,786 juu, kule hata uwe peke yako kwenye laini, jibu halirudi kabla ya nusu sekunde, tulikuwa tunaongea kama askari kwenye redio, mtu akimaliza anasema "ova". Hapo hata rauta ya dhahabu haisaidii, ni umbali tu.

Nawapa nyota 3, zote za faiba yenyewe, kastoma kea sina nyota yao. Ukienda kujiunga waulize kupandisha ni mbs ngapi, wakijibu 20 uliza tena.